Shajara ya mradi: kompyuta tano za GB 4 na ubishi wa swapu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kompyuta tano zimefika dukani asubuhi, zimefungwa kwenye viroba kama mihogo. Zote za mtumba: Core i3 za kizazi cha tatu, RAM GB 4 aina ya DDR3, hadidiski ya GB 500 inayozunguka mara 7200 kwa dakika. Duka ni steshenari hapa Tanga. Kazi zake ni kutoa kopi, kuskani vyeti, picha za pasipoti, na kuliko zote, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mwenye duka ni mama mtu mzima ambaye kila nikimpa shikamoo huitikia halafu huuliza kama nimekula. Sharti lake ni moja tu: "Mwanangu, zisigande mteja akiwa kakaa."

Nimeweka Debian 12, yaani Linux, yenye Xfce, eneokazi lililo jepesi, kwenye zote. Kisakinishi kimekata chenyewe patisheni ya swapu ya karibu GB 1. Mashine ya 1 na ya 2 nimeziachia. Ya 3, ya 4 na ya 5 nimeizima, na mstari wake nimeutoa kwenye fstab, faili la orodha ya diski za kuwashwa, ili isirudi nikiwasha upya.

Kwa nini nimezima? Kiburi. Miaka sasa nawaambia watu swapu ndiyo inayoua kompyuta, izime uone. Nimelisema hilo kwenye vibanda vya ufundi vingi na sijawahi kulipima hata mara moja. Sasa nina mashine tano zilizofanana kama mapacha, na msimu wa maombi ya mkopo wa vyuo ndio huo unaingia. Nikikosa kupima sasa, basi tena.

Kwa anayesoma hapa bila kuijua: swapu ni sehemu ya diski ambayo mfumo huhamishia vitu vya RAM visivyoguswa kwa muda, ili RAM ipumue. Windows inayo pia, ndilo lile faili la pagefile.sys. Ubishi ni kama huko kupumua kunalipa au kunagharimu.

Jumatano, 5 Juni

Nimepanga mzigo wa kupimia unaofanana na kazi halisi ya kaunta: Firefox yenye vichupo 12, Writer yenye barua mbili, GIMP yenye picha ya pasipoti, na kuskani kurasa 10. Saa ni ya simu yangu. Kwenye terminali ninaacha `vmstat 1`, amri inayoandika hali ya kumbukumbu kila sekunde, ninaangalia safu mbili: si, yaani kinachorudi RAM kutoka swapu, na so, kinachotoka RAM kwenda swapu.

Matokeo: hakuna. Mashine zote tano sawasawa. Nilimwita dogo wa kaunta aje abahatishe ipi ina swapu na ipi haina, akakosa mara tatu kati ya nne. Niliondoka nimenuna kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Hii hapa. Kabla ya kwenda msikitini dogo aliskani faili nene la mteja kwenye mashine ya 1, kurasa ishirini, akaliacha wazi. Aliporudi akabofya Firefox. Dirisha likawa jeupe. Diski ikaanza ule mlio wake wa kukwaruza, kuku anaparua bati. Nilishika saa: dakika mbili na sekunde kadhaa mpaka ukurasa ukaonekana. Safu ya si ilikuwa inacheza kati ya 2,000 na 2,600, maana yake KB 2,000 hadi 2,600 kwa sekunde.

Nilipoiona namba hiyo nikadhani vmstat imekosea. Diski hii ukiikopia filamu inatembea MB 100 kwa sekunde. Lakini hesabu inakubali. Mizunguko 7200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, kwa hiyo kusubiri data ipite chini ya kichwa ni wastani wa nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushei. Ongeza milisekunde 8 au 9 za kichwa kusogea. Jumla ni kama 12.5, yaani safari 80 kwa sekunde, basi. Kila safari kerneli, ule moyo wa mfumo unaogawa RAM, haichukui ukurasa mmoja wa kumbukumbu wa KB 4, huokota na majirani zake mpaka nane, KB 32. Mara 80 ni KB 2,560. Firefox ilikuwa inadai kurudishiwa kama MB 300. Gawanya: dakika mbili.

Ili nimweleweshe dogo nilimpa mfano wa dukani. Kugusa RAM ni kama nanosekunde 100. Tuseme hiyo ni sekunde moja, unachukua kalamu iliyo mezani. Kwa kipimo hicho diski hii ni saa 35: kalamu imeisha, unapanda basi kwenda Kariakoo, unalala Dar, unarudi kesho yake usiku. SSD ya kawaida ni kama robo saa: unatoka mpaka duka la mtaa wa pili.

"Sasa kaka kwa nini wanaiweka?" akauliza. Nilicheka kwa raha. Si nilisema mimi?

Jumatatu, 10 Juni

Raha imeisha.

Saa tano asubuhi kijana mmoja amekaa mashine ya 4 anajaza maombi ya mkopo, yuko hatua ya mwisho-mwisho. Mashine ya 4 haina swapu. Skana imeunganishwa hapohapo, dogo akamwambia "samahani kidogo bro" akaskani vyeti vyake. Katikati ya kuskani mashine ikaganda. Kishale cha kipanya hakisogei. Saa ya kwenye skrini imesimama 11:08. Na taa ya diski inawaka moja kwa moja, haipepesi, na mlio ni uleule wa Ijumaa.

Nilisimama pale kama mtu aliyeona mzimu. Diski inaparua nini? Swapu hakuna! Nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu.

Kama dakika nane baadaye kerneli ikaamua kuua programu moja ili wengine wapone, na iliyoiua ni Firefox. Fomu ikaenda nayo. Kijana hakusema neno, na heri angenitukana. Mama akampa kopi za bure na soda, akaniangalia mimi bila kuuliza kama nimekula.

Jumanne, 11 Juni

Nimekuja saa moja asubuhi kabla ya wateja, nikarudia kosa lilelile kwenye mashine ya 4 kwa makusudi, vmstat ikiwa imeshaanza kukimbia. Ilipoganda, vmstat niliyoiagiza kuandika mstari kila sekunde ikawa inaandika mmoja kila sekunde kumi na zaidi. Lakini iliandika. si sifuri. so sifuri. Safu ya bi, yaani kinachosomwa kutoka diski kwa ujumla, imejaa namba mwanzo hadi mwisho.

Nimekaa na hili karibu siku nzima, na naliandika kwa kirefu kwa sababu ndilo nililokuwa silijui miaka yote ya kujitia mjuzi.

Vilivyomo RAM ni vya aina mbili kubwa. Kuna kurasa za faili: msimbo wa programu yenyewe, maktaba zake, nyaraka ulizofungua. Asili yake iko diskini, kwa hiyo kerneli ikibanwa inaweza kuutupa ukurasa huo bila kuuandika popote na kuusoma tena baadaye ukihitajika. Halafu kuna kurasa zisizo na faili: vile vichupo vya Firefox vilivyokwisha kuchorwa, picha iliyoko kwenye GIMP, kurasa za skana ambazo hazijahifadhiwa. Hizi hazina nakala popote. Kuziondoa RAM kuna njia moja tu, kuziandika kwenye swapu.

Sasa ukizima swapu umefunga hiyo njia. Kurasa zisizo na faili zimekaa RAM kama mpangaji mwenye hati, hata kama ni kichupo cha juzi ambacho hakuna anayekumbuka. Ubanaji ukija, kerneli inabaki na kitu kimoja tu cha kutupa: kurasa za faili, ikiwemo msimbo wa programu zinazokimbia wakati huohuo. Inatupa kipande cha Firefox. Firefox inakihitaji sekunde hiyohiyo, inakisoma diskini. Ili kipate nafasi, kinatupwa kipande cha Xfce. Xfce inataka kuchora kishale, inasoma tena. Duru hiyo haina mwisho, na kila hatua ni ile safari ya Kariakoo.

Kwa hiyo mashine isiyo na swapu inaparua diski vilevile. Tofauti ni kwamba inaparua msimbo unaohitajika sasa hivi, wakati kichupo cha juzi kimestarehe kwenye RAM. Na kerneli haioni kuwa imeishiwa, kwa sababu kila ikitupa ukurasa inapata nafasi. Kwa mtazamo wake kazi inaendelea. Ndiyo maana inachukua dakika nane kukubali kuua.

Jambo hili si geni. Peter Denning aliliandikia mwaka 1968, akieleza mashine inayotumia muda wote kuhamisha kurasa na haifanyi kazi yoyote. Na wazo lenyewe la kuifanya diski ijifanye kumbukumbu ni la zamani zaidi, la mashine ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa mwaka 1962, ikitumia pipa la sumaku linalozunguka. Miaka zaidi ya sitini, na mimi nilikuwa nafundisha watu kinyume huku nimeegemea kaunta.

Kidokezo kwa atakayenaswa: Alt, SysRq na F kwa pamoja huilazimisha kerneli iue programu moja papo hapo, bila kungoja dakika nane. Debian huja imeifunga herufi hiyo. Nimeifungua kwenye zote tano kwa kuweka kernel.sysrq kuwa 1.

Alhamisi, 13 Juni

Nimerudisha swapu kwenye mashine zote. Leo nilijaribu ule ushauri unaoupata kila pembe: shusha swappiness kutoka 60 hadi 10.

Watu wengi, nami nimo, huisoma namba hiyo kama asilimia, kwamba 60 maana yake swapu itaanza RAM ikifika asilimia fulani. Siyo. Ni uzito wa mizani: kerneli ikibanwa, itupe zaidi kurasa za faili au zile zisizo na faili? 100 inasema gharama ni sawa. Chini ya hapo unaiambia swapu ni ghali, itumie kwa uchoyo. Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020 namba inaruhusiwa kufika 200, kwa swapu iliyo nyepesi kuliko diski yenye mafaili.

Kwenye mashine ya 1 yenye 10, kisa cha Ijumaa kilipungua: Firefox ilirudi kwa kama dakika moja na nusu. Nikaongeza mzigo kidogo, tofauti ikapotea kabisa. Mizani haiongezi mchele.

Nilijaribu pia ile kanuni ya wazee, swapu iwe mara mbili ya RAM. Nikatengeneza faili la swapu la GB 8. Mashine haikuua programu yoyote. Iliendelea kuteseka tu, kwa utulivu, mpaka nilipochomoa waya. Kanuni hiyo ilikuwa na maana RAM ilipokuwa MB 64. GB 8 kwa mwendo wa MB 2.5 kwa sekunde ni karibu saa nzima kuzisoma, na hakuna mteja wa kungoja hivyo. Nimelifuta.

Jumanne, 18 Juni

Jana ilikuwa Iddi, duka limefungwa. Nilikula pilau na kuwaza skana.

Leo nimeangalia kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho: dogo anaskani kwa dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa inchi? 600. Aliambiwa na mtu kwamba ndiyo safi. Karatasi ya A4 kwa 300 ni nukta 2,480 kwa 3,508, kama milioni 8.7, kila nukta baiti tatu za rangi, MB 26. Kwa 600 inakuwa mara nne, MB 104. Kurasa ishirini ni zaidi ya GB 2, na programu yetu ya kuskani inazishika zote RAM mpaka uhifadhi PDF. Kwenye mashine ya GB 4.

Kwa hiyo wiki mbili nimegombana na kerneli kwa kosa la kitufe cha skana. Nimeweka 300 kwenye zote, na tovuti nyingi za maombi zenyewe hazitaki faili kubwa. Dogo akaniambia, "Lakini kaka ungeniuliza tu." Kweli.

Mzigo wa kupimia nimeuacha kwenye 600, ili nisijidanganye kuwa tatizo limekwisha. Mtu atakuja na ramani ya kiwanja.

Alhamisi, 20 Juni

Leo zram. Wazo ni rahisi: badala ya kupeleka kurasa diskini, zikandamize uziweke humohumo ndani ya RAM, kwenye kifaa cha swapu cha kubuni. Unatoa kidogo cha RAM, unapata kingi, na hakuna kichwa cha diski kinachosogea. Imo ndani ya kerneli rasmi tangu 3.14 ya mwaka 2014, na Fedora, Linux nyingine, iliifanya ndiyo swapu ya kawaida kuanzia toleo la 33 mwaka 2020.

Debian ina kifurushi cha zram-tools. Unahariri faili moja tu, `/etc/default/zramswap`. Nimeweka lz4, ambayo ni njia ya kukandamiza, na asilimia 50 ya RAM, kwa hiyo kila mashine ina swapu ya kubuni ya GB 2. Swappiness nimeipandisha hadi 150, na page-cluster, inayoamua majirani wangapi waokotwe, nimeishusha hadi sifuri, kwa sababu kuokota majirani nane kulikuwa dawa ya diski. Hapa hakuna safari ya kuokolea.

Mzigo uleule, mashine ya 1. Firefox ilirudi kabla sijabonyeza saa vizuri. Nikadhani haikuhamishwa. Nikaangalia: `zramctl` inaonyesha GB 1.1 ya kurasa imekandamizwa ikawa MB 370 hivi. Ilihamishwa, na imerudi. Kwenye mfano wa kalamu, zram ni kama dakika moja: kalamu iko kwenye droo iliyojazana, unapekua, unaitoa. Gharama yake ni prosesa, na hizi i3 zilikuwa zimekaa tu.

Nilimwita dogo aone. Nilimwita mama pia. Mama akatazama skrini akasema "haya," akarudi kwenye hesabu zake.

Angalizo, la sivyo nitakuwa naanza kiburi kipya. Kurasa za skana hazikandamiziki kama vichupo vya brauza. Chembechembe za karatasi kwenye picha ni fujo tupu, na fujo haina cha kukunja. Nilipoacha kurasa za skana zihamishwe zenyewe, uwiano ulishuka kutoka karibu tatu kwa moja hadi chini ya mbili kwa moja. Mtu mwenye kazi ya picha na video pekee asitarajie muujiza.

Jumanne, 25 Juni

Tatizo jipya, dogo ndiye aliyeliona. Mashine ya 2 haikuzimwa tangu Alhamisi, na leo imeanza tena kuparua.

Nilikuwa nimeacha swapu zote mbili: zram yenye kipaumbele cha juu, patisheni ya diski ikingoja nyuma yake. Ilionekana busara. Lakini kerneli inajaza ya kwanza mpaka pomoni ndipo iende ya pili, na haihamishi vya zamani kupisha. Matokeo yake zram ilijaa takataka za Alhamisi ambazo hakuna anayezigusa, na kurasa za leo, za moto, zikawa zinakwenda diskini. Kabati zuri limejaa nguo za zamani, nguo za kazini ziko uani.

Kuna njia ya kulikwepa hilo kwa kerneli ileile, inaitwa zswap: si kifaa cha pekee bali kituo cha kukandamizia mbele ya swapu ya diski, na kikijaa chenyewe hutoa kurasa za zamani kuzipeleka diskini. Nimeiwasha kwenye mashine ya 2 kwa kuongeza `zswap.enabled=1` kwenye mstari wa kuwashia mfumo, na zram nimeiondoa hapo. Kwenye 1, 3, 4 na 5 nimefanya kinyume: zram peke yake, swapu ya diski nimeizima kabisa. Ndiyo, nimeizima tena. Safari hii najua ninachofunga.

Nilipoandika `swapoff -a` ilichukua dakika kadhaa kwa sababu kila kilichokuwa diskini lazima kirudi RAM kwanza. Usiikate katikati ukidhani imeganda.

Mtu anayelaza kompyuta kwa kuihifadhi yote diskini, umeme ukizimwa aendelee alipoachia, asifuate mpangilio wa zram pekee. Kulala kwa namna hiyo kunahitaji swapu halisi ya diski. Kilichomo zram kinapotea umeme ukikatika. Sisi tunazima jioni, hatuihitaji.

Ijumaa, 28 Juni

Mama ametoa pesa ya SSD moja ya GB 120, nimeifunga mashine ya 2. Kasi ya kuwaka peke yake imemfanya aulize kwa nini hatukuanza hapa. Swali zuri, jibu ni pesa.

Kwa muda nimezima zswap nione swapu tupu juu ya SSD inavyokwenda na mzigo wangu mzito. Firefox ilirudi kwa sekunde nne, tano. Inasikika, haikeri. Swapu hiyohiyo, kerneli hiyohiyo, tofauti ni ilipokaa tu.

Mafundi wenzangu watasema swapu inaua SSD. Hii boksi lake limeandikwa uvumilivu wa TB 40 za kuandikwa. Hata ukiiandikia GB 10 kila siku, ni siku 4,000, karibu miaka 11. Hizi bodi hazitafika huko.

Jumatano, 3 Julai

Mashine ya 5 imepata kijiti cha pili cha RAM, GB 4 ya mtumba, elfu ishirini na tano. Sasa ina GB 8. Nimeirudishia ile patisheni ya GB 1 ya diski ya kuzunguka, yaani adui yangu wa tangu Juni, swappiness 60 kama ilivyozaliwa, bila zram.

Mzigo mzito mara mbili. Hakuna kuganda.

Ijumaa, 5 Julai

Mashine ya 5 tena. Imewaka siku mbili mfululizo. `free -h` inaonyesha MB 180 ziko kwenye swapu. Dogo akashtuka: "Kaka, imeanza!" Nikamwonyesha vmstat: si sifuri, so sifuri, dakika baada ya dakika. Hizo MB 180 ni vitu vilivyoamshwa wakati wa kuwasha na havijaguswa tena. Vimelala nje, RAM yao inashikilia mafaili yanayotumika. Kiasi kilichomo swapu hakikwambii chochote kuhusu uzito wa kompyuta. Mwendo wa kuingia na kutoka ndio wa kuutazama. Ndoo iliyojaa maji haisumbui mtu, anayesumbuka ni anayekwenda kisimani kila dakika.

Hii ndiyo sababu swali la "swapu inasaidia au inaumiza" limenichosha. Nimeiona ikiumiza kwenye diski ya kuzunguka, ikisaidia kwenye diski hiyohiyo RAM ilipokuwa ya kutosha, na ikiumiza zaidi ilipokuwa haipo.

Pia nimeweka earlyoom kwenye zote. Yenyewe haingoji kerneli ikiri: RAM iliyobaki na swapu iliyobaki zikishuka zote mbili chini ya asilimia 10, inaiambia programu kubwa ifunge. Nimeielekeza ianze na programu ya kuskani kabla ya Firefox. Karatasi ipo mkononi, utaiskani tena. Fomu ya mtu haipo popote.

Jumanne, 9 Julai

Yule kijana wa fomu amerudi, safari hii na mdogo wake. Amekataa kukaa mashine ya 4. Nilimwambia imetengenezwa, akasema "najua fundi," akaenda kukaa ya 5. Kwa bahati ndiyo iliyo bora.

Hali ilivyo leo: 1, 3 na 4 ziko kwenye zram peke yake, hazijaganda tangu tarehe 25. Ya 2 ina SSD, nimeirudishia zswap. Ya 5 ina GB 8 na swapu ya kawaida, sijaigusa. Mama amekubali kununua vijiti vitatu vingine kidogo kidogo, cha kwanza kinakuja na basi la kesho kutoka Dar, nacho ni cha mashine ya 4.

Mtu wa ramani ya kiwanja amekuja pia, leo mchana, karatasi ya A3 ambayo skana yetu haiingizi. Tumempeleka duka la pili.